Baridi ya Eldoret Haina Bili

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu kuhusu kupunguza umeme unaotumika kupoza hewa katika majengo makubwa



Msafiri anayeshuka kutoka basi la Mombasa alfajiri mjini Eldoret hutafuta kitu kimoja kabla hajauliza chai: sweta. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa kati ya nyuzi 22 na 26, na usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Blanketi huuzwa mwaka mzima. Hata hivyo, mpita njia akiinua macho katikati ya jiji saa nane mchana, ataona masanduku ya viyoyozi yamepangwa ukutani orofa kwa orofa, yote yananguruma.

Mombasa ina sababu. Kule joto na unyevu haviachi mtu alale, na hata wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe walilazimika kutafuta kivuli na upepo kwa kuta nene, nyua za ndani na vichochoro vyembamba. Lakini Eldoret inanunua baridi kwa nini, ilhali baridi iko nje ya dirisha?

Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Ofisi, hoteli, maduka makubwa, vyumba vya mihadhara na zahanati vinaendelea kujengwa. Jengo linalowekwa msingi leo litasimama miaka 50 au zaidi, na bili yake ya umeme itakuja kila mwezi katika miaka hiyo yote. Likiwa ni jengo la umma, anayelipa ni mkazi. Kila shilingi inayopoza chumba kisicho na mtu ni shilingi ambayo haikununua dawa, haikutengeneza barabara ya wadi na haikulipa karo ya mtoto.

Joto linatoka wapi

Joto lililo ndani ya jengo la Eldoret halitoki sana kwenye hewa ya nje. Linatoka kwenye jua linalopita kwenye kioo, kwenye taa na mashine, na kwa watu wenyewe. Mtu mmoja aliyekaa kitini hutoa joto la wati 100 hivi. Ukumbi wa watu 200 una joto la kilowati 20 kabla hata taa hazijawashwa.

Kioo ndicho mkosaji mkubwa. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida, ikipigwa na jua la alasiri, inaweza kupitisha joto la wati 500 hivi. Hiyo ni sawa na kuwaongeza watu watano chumbani. Eldoret iko karibu kabisa na ikweta, chini ya nyuzi moja kaskazini. Saa sita mchana jua liko utosini na paa ndilo linaloumia. Asubuhi na jioni jua hushuka na kuingia moja kwa moja kwenye kuta za mashariki na magharibi. Kwa sababu hiyo, jengo refu linalotazama kaskazini na kusini huhitaji kibaraza kifupi tu kulikinga, lakini jengo lililovishwa vioo upande wa magharibi hugeuka tanuri kuanzia saa tisa alasiri.

Mkulima wa Moiben au Kesses analijua jambo hili bila kusoma uhandisi. Kibuyu cha mursik hakiwekwi juani kisha kikatafutiwa barafu. Kinawekwa mahali penye kivuli tangu mwanzo.

Kiyoyozi hufanya kazi gani

Watu wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Kiyoyozi ni mchukuzi. Kinabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, kwa kutumia gesi ya kupozea inayozungushwa na kompresa. Mtambo mzuri unaotumia uniti moja ya umeme unaweza kubeba uniti tatu za joto au zaidi. Mchukuzi huyu huchoka haraka akipewa mlima mkali. Chumba kikitakiwa kiwe na nyuzi 18 wakati nje ni nyuzi 26, mlima ni mrefu. Kikiachwa kwenye nyuzi 24, mlima ni mfupi na umeme hupungua.

Eldoret ina jambo jingine ambalo muuzaji wa mitambo kutoka pwani anaweza kulisahau. Juu huku hewa ni nyepesi, pungufu kwa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na ya usawa wa bahari. Wanariadha wanaofanya mazoezi hapa na Iten wanaijua vizuri. Feni nayo inaijua: ili ibebe joto lile lile, ni lazima isukume hewa nyingi zaidi. Mtambo uliopimwa kwa hesabu za Mombasa hautafanya kazi vivyo hivyo Eldoret, na mnunuzi anapaswa kudai hesabu za mwinuko wa hapa.

Majengo yaliyothubutu

Mfano mkubwa wa Kenya uko Gigiri, Nairobi. Machi 31, 2011, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, pamoja na Rais Mwai Kibaki walizindua jengo jipya la ofisi za mashirika ya UNEP na UN-Habitat. Lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200 hivi, na ofisi zake hazikuwekewa viyoyozi. Badala yake lina nyua ndefu za ndani zilizoezekwa kwa juu. Hewa baridi huingia kupitia madirisha ya ofisi, hupata joto, hupanda kupitia uani na kutokea juu, kama moshi unavyopanda kwenye bomba la jiko. Mwanga wa mchana hufika kwenye meza, hivyo taa hazitoi joto la bure. Paani kuna mita za mraba 6,000 za paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 515.

Gigiri haina baridi kushinda Eldoret. Ikiwa watu 1,200 wanafanya kazi pale bila kiyoyozi, ofisi ya karani Eldoret inahitaji sababu nzuri sana ya kuwa nacho.

Lang'ata, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jengo la maktaba lilisanifiwa ili hewa ipite kwenye kitanda cha mawe chini ya jengo kabla ya kuwafikia wasomaji. Usiku mawe hupoa, na mchana huirudishia hewa ubaridi huo. Harare, Zimbabwe, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce linatumia njia hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Feni huvuta hewa ya usiku ipite kwenye sakafu nzito za zege, kisha zege hilo huwatunza wapangaji mchana. Pearce alisema alijifunza kutoka kwenye vichuguu vya mchwa.

Majengo yote matatu yanatumia mali moja: usiku wa nyanda za juu. Eldoret ina mali hiyo kwa wingi.

Jengo lililokwisha kujengwa

Si kila mtu anajenga upya. Wengi wanasimamia jengo la orofa nne au tano lenye mitambo ya zamani na bili inayopanda. Kosa la kawaida ni kukimbilia kununua mtambo mpya. Mtambo mpya unapaswa kuwa hatua ya mwisho, kwa sababu hatua zilizotangulia ndizo zitakazoonyesha ukubwa unaohitajika. Anayenunua kwanza hununua mkubwa mno, na mtambo mkubwa mno huwaka na kuzima kila mara, hula umeme na kuzeeka mapema. Utaratibu wenye busara ni huu.

Kwanza, kupima. Mita ndogo iwekwe kwenye mfumo wa upozaji peke yake kwa wiki kadhaa. Bila hiyo hakuna anayejua kama umeme unaliwa na viyoyozi, lifti, pampu au taa. Mara nyingi mita hiyo hugundua mitambo inayofanya kazi Jumapili usiku katika ofisi iliyofungwa.

Pili, kuzuia joto. Vibaraza, mapazia ya nje au miti upande wa magharibi. Rangi nyeupe au kizuia joto paani. Taa za LED badala ya zile za zamani. Hatua hizi hazina kompresa wala fundi wa kila mwezi.

Tatu, kuikaribisha hewa ya nje. Katika majengo yenye mabomba ya hewa, vilango vinaweza kuwekwa ili hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani, ivutwe moja kwa moja na kompresa ipumzike. Eldoret hali hiyo hupatikana usiku, asubuhi na siku nyingi hata mchana. Feni peke yake hutumia sehemu ndogo ya umeme wa kompresa.

Nne, usafi na udhibiti. Msimu wa kuvuna na kupukuchua mahindi, vumbi hujaa hewani na kuziba vichujio na mapezi ya mtambo wa nje. Mtambo ulioziba hutafuta pumzi na kula umeme zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kichujio kisichosafishwa leo ndicho kompresa iliyoungua kesho. Vidhibiti joto viwekwe nyuzi 24, na vizime vyenyewe watu wanapotoka. Chumba cha kompyuta kuu nacho hakihitaji kuwa friji. Chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine hizo iwe kati ya nyuzi 18 na 27.

Tano, mwendo wa feni na pampu. Hapa kuna hesabu ambayo kila meneja anafaa kuikariri. Feni ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, haipunguzi umeme kwa asilimia 20, bali karibu nusu. Ikipunguzwa hadi nusu ya mwendo, umeme wake hubaki takriban sehemu moja ya nane. Kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota hulipia gharama yake haraka pale ambapo feni au pampu imekuwa ikikimbia kwa nguvu zote mchana kutwa.

Baada ya hayo, mtambo mpya ununuliwe, na utakuwa mdogo kuliko uliotangulia. Hapa nyota kwenye lebo zina maana. Kanuni za mwaka 2016 zinaweka viwango vya chini vya ufanisi kwa viyoyozi na friji zinazouzwa Kenya, na nyota nyingi humaanisha umeme kidogo. Aina ya gesi nayo iangaliwe. Gesi ya R-22 iliyomo katika mitambo mingi ya zamani inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni na pia ina nguvu ya kuongeza joto la dunia takriban mara 1,800 kuliko hewa ukaa. Kenya iliridhia pia Marekebisho ya Kigali mwaka 2023, yanayopunguza gesi zilizokuja baada yake. Anayenunua mtambo wa gesi inayoondoka ananunua tatizo la vipuri.

Kwa mfano tu: jengo ambalo upozaji wake unatumia kilowati 100, saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linatumia uniti 300,000. Likipunguza theluthi moja, ni uniti 100,000. Hata kwa kukadiria shilingi 20 kwa uniti, hiyo ni shilingi milioni 2 kila mwaka. Tena bili ya mtumiaji mkubwa haihesabu uniti peke yake. Inatoza pia kilele, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme kilichohitajika kwa wakati mmoja katika mwezi. Mitambo yote ikiwashwa pamoja saa mbili asubuhi, dakika hizo chache hulipiwa mwezi mzima. Kuipanga iwake mmoja baada ya mwingine hakugharimu chochote.

Pale ambapo dirisha halitoshi

Kuna mahali ambapo baridi ya mashine si anasa. Eldoret ni mji wa hospitali tangu mwaka 1917, ilipofunguliwa hospitali ndogo ya vitanda 60 ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayopokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya na nje ya mipaka. Katika hospitali yoyote, chumba cha upasuaji kinahitaji hewa iliyochujwa na kudhibitiwa. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mashine za picha na maabara hazivumilii joto. Huko hakuna wa kusema dirisha lifunguliwe na mambo yaishe.

Hiyo ndiyo sababu ya kuacha ubadhirifu kwingineko. Umeme unapokatika, jenereta ina kikomo. Ikiwa nusu ya nguvu yake inapoza ofisi na korido, ndiyo nusu inayokosekana kwenye chumba cha upasuaji. Jengo linalojipoza lenyewe katika sehemu za kawaida huacha nguvu kwa sehemu zinazookoa maisha.

Wodi nyingi zenyewe hufaidika na hewa ya nje. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu upitishaji wa hewa ya asili kama njia ya kupunguza maambukizi ya magonjwa ya njia ya hewa. Chumba cha kusubiri kilichofungwa na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile ni hatari kwa aliyekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu. Madirisha yanayotazamana hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Na joto linalotupwa nje lina matumizi. Vyama vya ushirika vya maziwa katika kaunti hii vina matangi ya kupozea, na kila tangi hutoa joto lililokuwa ndani ya maziwa. Joto hilo linaweza kupasha maji ya kuoshea vyombo. Hospitali au hoteli inayopoza upande mmoja na kuchemsha maji ya kufulia upande wa pili kwa umeme mwingine inalipa mara mbili kwa kazi inayoweza kufanywa mara moja.

Sheria na nafasi ya mwananchi

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliweka wajibu wazi. Jengo au kiwanda kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kinatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu, na mwenye nalo kutekeleza hatua zitakazofikisha angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Mdhibiti ni EPRA. Ripoti ya ukaguzi isiyotekelezwa ni karatasi tu.

Katika ununuzi wa umma, Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2015 inaruhusu zabuni ishinde kwa gharama ndogo zaidi ya umiliki, si kwa bei ndogo ya siku ya kwanza peke yake. Kwa kiyoyozi tofauti hiyo ni kubwa. Mtambo wa bei rahisi unaokula umeme miaka 15 ni kama ng'ombe wa bei nafuu anayekula sana na kukamuliwa kikombe kimoja.

Kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti, na bajeti ya kaunti haipitishwi bila wananchi kushirikishwa. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Mkazi anayehudhuria kikao cha ushirikishwaji katika wadi yake, jengo jipya likitajwa, ana haki ya kuuliza maswali matano. Madirisha yake yanatazama wapi? Ni vyumba gani vinahitaji kiyoyozi, na kwa nini? Bili ya umeme ya mwaka imekadiriwa kuwa kiasi gani? Nani atasafisha na kutunza mitambo, na fungu lake liko wapi katika bajeti? Na kwa jengo la zamani: ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini, na nini kimetekelezwa?

Mwenye kuuliza maswali hayo hahitaji shahada ya uhandisi. Anahitaji kukumbuka kwamba jibu litalipiwa na yeye.

Jioni ya leo, jua likizama upande wa Turbo, hewa ya Eldoret itaanza kupoa tena kama ilivyopoa jana. Itapita juu ya paa la kila jengo la jiji, la serikali na la mtu binafsi, bila mita na bila ankara. Jengo lililoandaliwa litafungua vilango vyake na kuihifadhi hadi kesho. Lisiloandaliwa litabaki limefungwa na joto lake la mchana, na saa mbili asubuhi mtu atabonyeza kidude cha kuwasha.